Wakala wa Wanaoshindwa

Waliovuka siku ile ni hawa: Yona na mkewe Tabu, Shabani anayeshona nyavu, mapacha wa Mama Kiula, Mariamu wa dukani, aliyefunga duka akaning'iniza ufunguo shingoni, mzee Gunda, aliyebebwa pamoja na kiti chake, Mama Elia, mimba yake ikiwa ya siku za mwisho, mwinjilisti na mwalimu wa madrasa, ambao walikuwa hawasemezani na wakapangwa mtumbwi mmoja kwa makusudi, wadogo zangu Neema, Daudi na Zakaria, ambao umri wa kupiga kura ulikuwa bado lakini sikuwa na wa kumwachia, na mimi. Walikuwapo wengine, maana mitumbwi ilikwenda na kurudi. Ila hawa ndio niliowashika mkono wakati wa kushuka, na ndio ninaoweza kuwaapia.

Wa kwanza kuvuka alikuwa yeye. Jina lake silitaji. Kisiwani tulimwita Wakala, hata wanawe walimwita hivyo, na siku moja nilimsikia mchungaji akimwita hivyo madhabahuni wakati wa kumpa meza ya Bwana.

Tulivuka kwa sababu kituo chetu cha kupigia kura kilikuwa kimehamishiwa ng'ambo. Mtu wa ofisi alikuja, akasimama juu ya mwamba tunaoanikia samaki, akasema pale si kitongoji, ni kambi ya wavuvi, na kambi huondolewa wakati wowote. Akasema wataangalia ni wangapi watajitokeza. Hakuhitaji kufafanua. Tukijitokeza wachache, tungekuwa tumejithibitisha wenyewe kwamba hatupo. Mimi baba na mama yangu wamezikwa nyuma ya nyumba, na nyumba hiyo hiyo ndimo nilimowalelea wadogo zangu. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda kuwa mtu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Mgeni akisikia Iramba ina kisiwa hucheka, kwa kuwa anajua mkoa wa Singida ni mawe, miiba na vumbi. Lakini ziwa letu lipo, la tope na matete, na miaka ya mvua nyingi maji huzunguka kile kilima chetu na kukaa hapo hata kiangazi. Miaka ya ukame unaweza kutembea kwa miguu mpaka ng'ambo, tope likikufika magotini. Ndiyo maana wa ofisi hawatuelewi. Mwaka huu wanatukuta kisiwani, mwaka ule wanatukuta nchi kavu, nao wanadhani tunahamahama. Yanayohama ni maji.

Wakala alikiita Jimbo. Mgombea ubunge akishuka kwenye mtumbwi, suruali imekunjwa, viatu mkononi, yeye alikuwa amekwisha kufika majini kumpokea.

"Karibu jimboni, mheshimiwa."

"Asante mama. Jimbo letu zuri."

"Sijasema letu. Lako liko kule ulikotoka. Hili bado hamjalitangaza."

Na wabunge aliwajua kwa ahadi zao. Mbuzi wake aliwapa majina ya ahadi hizo. Alikuwa na Daraja, Zahanati, Umeme, na jike mmoja mwekundu mtundu aliyeitwa Injini, kwa sababu kila aliyegombea alituahidi boti ya injini. Asubuhi ungemsikia anapiga kelele kilima kizima: "Zahanati! Toka kwenye mihogo ya watu!" Siku moja mheshimiwa mmoja alikuwa amekaa kwake anakunywa uji, mjukuu akaingia mbio akasema, "Bibi, Daraja amekufa." Yule bwana akaweka kikombe chini. Wakala akamwambia, "Kunywa tu, baba. Alikuwa mzee. Hata mtangulizi wako alimkuta."

Kazi iliyompa jina ni ya kukaa. Siku ya uchaguzi kila mgombea ana haki ya kuweka mtu wake ndani ya kituo, akae kwenye benchi kuanzia sanduku linapofunguliwa kuonyeshwa kuwa ni tupu mpaka kura ya mwisho inapohesabiwa. Watu hugombea kazi hiyo kwa mgombea mwenye fedha, maana kuna chakula na posho. Yeye aliifanya kwa mgombea aliyekuwa hana mtu. Kila uchaguzi, wagombea wakishapita wote, angeuliza dukani kwa Mariamu: "Nani hana wakala huku?" Wakimtajia, anamtumia salamu. Hakujali chama. Nilimwona akikaa kwa ajili ya vyama ambavyo sisi hatukuwahi kuona hata bendera zao, na uchaguzi mmoja alikaa kwa ajili ya chama kile kikubwa, kwa sababu mwaka huo, kwetu, mgombea wao wa udiwani ndiye aliyekuwa amesuswa.

Alikaa vibaya sana. Nasema vibaya kwa sababu wasimamizi walimchukia. Hakusinzia, hakutoka kwenda kula, na alikataa chakula cha mtu yeyote. Ugali wake wa uwele alikuja nao kwenye ndoo iliyofunikwa, na ndoo hiyo ndiyo aliyoikalia benchi likijaa. Karatasi ikiharibika alitaka kuiona. Karani akinong'ona alisema, "Ongeza sauti, mwanangu, nazeeka."

Mgombea mmoja kijana, mwalimu aliyeacha kazi ili agombee, alishindwa mpaka watu wakamwonea huruma. Kisiwani kwetu alipata kura moja. Baada ya wiki alivuka kuja kumshukuru Wakala, na kuku mkononi.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya ile kura. Mungu akubariki."

"Marahaba. Kura gani?"

"Ile moja. Yako."

"Mimi sikukupigia."

Kijana akabaki ameshika kuku.

"Nimekaa kutwa nzima naichunga kura yako," Wakala akamwambia, "na ningekuwa tayari kupigana kwa ajili yake. Lakini kukupigia ni jambo jingine. Ulisema utaondoa mbuzi kisiwani. Kuku mpelekee aliyekupigia, kama utampata."

Mpaka leo hatujui nani alipiga kura ile. Mimi namshuku mwinjilisti.

Watu walimuuliza kwa nini anapoteza siku zake kwa watu wanaoshindwa. Jibu lake lilibadilika kulingana na hasira aliyokuwa nayo. Mara alisema anapenda kukaa chini ya bati, ni baridi. Mara alisema hataki mtu aondoke kisiwani akisema aliibiwa. Nami aliniambia jibu la tatu siku tuliyokuwa tunapalilia mtama, na naamini ndilo.

Zamani, alisema, wakati wa chama kimoja, wagombea ubunge walikuwa wawili, na kwa sababu wengi hawakusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Yeye alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Miaka michache nyuma, watu wa kisiwani walikuwa wamehamishwa kwa lori kupelekwa kijiji kipya bara, na nyumba zao zikaezuliwa ili wasirudi. Walirudi usiku usiku, familia moja moja, wakajenga vibanda vya matete. Sasa wakaletewa karatasi ambayo ina picha ya nyumba. Hakuna aliyewaeleza. Au walielezwa, lakini walikwisha kuiona ile picha.

"Tulipiga nyumba wote," aliniambia. "Kilima kizima. Wazee walivaa kanzu. Mama mkwe wangu alioga. Tulidhani serikali inatuuliza: mnataka nyumba zenu au jembe? Jembe tulikuwa nalo."

"Ikashinda?"

"Ikashinda. Yule bwana wa nyumba akawa mbunge. Tukangoja. Tulipanga hata mawe ya msingi. Mvua ikaja, ikaisha. Baba mkwe akaenda mpaka Kiomboi kwa miguu kuuliza nyumba zinakuja lini. Walimcheka ofisini mpaka karani mmoja akatoka nje akalie chooni kwa kucheka."

Akaendelea kupalilia. Mimi nilicheka pia, naye alikuwa amesimulia ili nicheke, lakini nilipomtazama alikuwa ameng'oa mtama badala ya gugu.

"Hakukuwa na mtu wetu mle ndani," akasema. "Kama angekuwapo hata mmoja kwenye benchi, angetoka akatuambia."

Hakuwa mtu mwema kama wema unavyohesabiwa. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Ukimwomba moto alikupa, ukimwomba chumvi alikuuliza ya jana ulifanyia nini. Aliimba kwaya sauti ya pili na akitoka kanisani alitukana kwa Kinyiramba kabla hajafika mlangoni. Alifundisha watu wasipokee vitu vya wagombea, halafu yeye akapokea vyote: kanga, kofia, fulana za rangi zote. Fulana alizivisha vijiti shambani kufukuza kweleakwelea. Ukisimama juu ya kilima wakati mtama umekomaa ungewaona wagombea wote wa jimbo wamesimama mashambani mwake, vifua vimejaa upepo. "Wamepata kazi," alisema. "Na huyu wa kijani anafanya vizuri kuliko alivyofanya bungeni."

Kwangu mimi hakuwahi kuwa mpole. Nilikuwa kidato cha pili, nasoma bweni, mama alipomfuata baba ndani ya mwaka mmoja. Nikarudi kuzika, sikuondoka tena. Jamaa wa baba walikuja kutoka Mkalama kutugawana. Neema aende kwa shangazi, Daudi akachunge ng'ombe kwa baba mdogo, Zakaria, aliyekuwa bado ananyweshwa maziwa kwa kikombe, apewe yeyote. Mimi niolewe. Walikuwa na nia njema, sitawasema vibaya. Walikaa uani kwetu siku nzima wakipanga, na Wakala, ambaye ni jirani tu, akaja na ndoo yake akaikalia katikati yao.

"Mama, haya ni mambo ya ukoo," baba mdogo akamwambia.

"Endeleeni. Mimi nimekuja kumkalia huyu binti. Naona hana mtu."

Wakaendelea. Kila walipotaja jambo juu yangu alisema, "Mwulizeni." Hakuongeza neno. Wakisema ataolewa: "Mwulizeni." Wakisema Zakaria aende: "Mwulizeni." Mwisho baba mdogo akachoka, akaniuliza kwa kejeli, "Haya, wewe unasemaje?" Nikasema hakuna anayeondoka. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Wakala akasema, "Ongeza sauti." Nikaongeza.

Hatukugawanywa. Lakini usidhani baada ya hapo alinibembeleza. Nilipolia kwamba nimeacha shule aliniambia nilie haraka, maji ya kunywa yamekwisha. Na nilipotimiza umri alinivusha mwenyewe kwenda kujiandikisha, akanitazama nikipigwa picha, akasema nimetoka mbaya.

Sasa nirudi ile siku ya kuvuka. Yeye alitangulia alfajiri, maana wakala lazima awe ndani kituo kinapofunguliwa. Alikuwa wakala wa mgombea mmoja wa udiwani ambaye alikuwa kalazwa hospitali na hakufanya kampeni hata siku moja. Sisi tulifuata kwa zamu. Mitumbwi ilikuwa michache, ziwa lina viboko, hukimbilii tu. Mpaka kundi langu lilipofika na mzee Gunda kwenye kiti chake, mstari wa ng'ambo ulikuwa umetoka darasani, umezunguka uwanja, umefika kwenye josho la ng'ombe.

Kila mtu wa kisiwani anajua upepo wa mchana. Jua likishapita utosini ziwa linachafuka, na mtumbwi uliojaa haurudi salama. Mwenye mimba na mzee wa kubebwa hawarudi kabisa. Kule ng'ambo hatukuwa na pa kulala. Tukasimama nyuma tukipiga hesabu kwa macho, na nikaliona lile jambo likianza: Tabu akamnong'oneza Yona, Yona akatazama maji, mapacha wakaanza kurudi nyuma hatua moja moja.

Mlangoni alikuwa amesimama kijana mmoja wa kupanga foleni. Akatucheka. "Hawa si ndio wale wa kambini? Rudini mkavue, jamani, mtachelewa samaki."

Wakala alikuwa ndani, karibu na dirisha la upande wetu. Niliona uso wake. Wakala haruhusiwi kusema na watu wa kwenye mstari, wakimkuta anasema wanamtoa, na akitolewa yule mgonjwa wake wa hospitali habaki na mtu. Alitutazama, akatazama maji, akaingiza pembe ya kanga mdomoni akaiuma. Sikupata kumwona hivyo kabla wala baadaye.

Nikasema kwa sauti, nikijua ananisikia, "Hakuna anayeondoka!" Mapacha wakasimama. Lakini sauti haipunguzi mstari.

Wakati huo mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa karibu na mlango, Mama Hadija, ambaye tulijuana kwa kuuziana samaki na maziwa tu, akatoka kwenye nafasi yake. Akaja nyuma mpaka tuliposimama, akamshika Mama Elia mkono, akampeleka mahali pake. Kisha yeye akaenda kusimama mwisho kabisa, kule kwenye josho. Mwanamke wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu akatoka akitukana, lakini akatoka. Yule kijana wa mlangoni akasema utaratibu hauruhusu. Mama Hadija akampigia kelele kutoka mwisho wa mstari:

"Utaratibu gani, wewe Juma? Mimi nimependa kusimama huku. Unataka kunichagulia na pa kusimama?"

Tulipiga kura wote. Mzee Gunda alichovya kidole kwenye wino akakinyanyua juu njia nzima ya kurudi, wakati tunamlilia ashike mtumbwi. Tuliingia nyumbani upepo ukiwa unaanza.

Wale wanawake walisimama juani mpaka jioni, watoto mgongoni. Ng'ombe wa Mama Hadija, kwa kukosa mtu, waliingia kwenye mtama wa jirani, na ugomvi ule haujaisha mpaka leo. Mgombea wa Wakala alishindwa, kama kawaida. Uchaguzi uliofuata kituo kilirudi kisiwani, kwenye darasa letu la miti na bati. Hakuna aliyetuomba radhi. Walikuja tu na sanduku, wakauliza pa kuliweka.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwezi uliopita, Kiomboi, kwa binti yake. Miguu imevimba, wamemzuia kurudi kisiwani mpaka daktari aseme. Nilimpelekea perege wakavu na nikampa habari za mbuzi. Hakuzisikiliza.

"Nilikuwa hospitali nasubiri kuitwa," akasema, "nikakutana na mtu wa ng'ambo. Ni kweli wa ofisi wanawasumbua kule?"

Ni kweli. Sasa ni wao. Wameambiwa mashamba yao ya kando ya ziwa si makazi, wao ni wafugaji waliopita wakasahau kuondoka. Kutakuwa na mkutano, watu wa ofisi watakuja, na wale wa ng'ambo wametafuta majirani wa kusimama na kusema: hawa tunawajua, wamekuwapo miaka yote.

"Walikuja kwetu?"

"Walikuja. Mama Hadija mwenyewe."

"Mkamjibu nini?"

Nikamweleza ukweli. Tulimwambia tutatazama. Watu wanaogopa, kisiwa sasa kimesahauliwa vizuri, na tukisimama mbele ya wale wale watu wa ofisi kusema nani mkazi na nani si mkazi, watatukumbuka. Yona amesema wazi hatavuka. Mariamu amesema ana duka. Mimi Zakaria yuko kidato cha nne, tukifukuzwa kisiwani, akija likizo sina pengine pa kumpeleka.

"Tuliwapelekea samaki lakini," nikasema. "Kila sikukuu. Idi na Krismasi."

"Samaki!" Wakala akafoka. Binti yake alikuja mbio kutoka jikoni akidhani ameanguka. Wakala akampungia mkono arudi. Akanigeukia. "Mwanamke yule aliacha nafasi yake, akaenda kusimama kwenye kinyesi cha ng'ombe. Hakujua hata anampa nani. Hakuuliza itamgharimu nini."

"Aliuliza," nikasema.

"Nini?"

"Kabla hajatoka kwenye mstari. Nilikuwa nimekwenda mbele kuutazama mstari, nikamsikia anawaambia wenzake: hawa wanahesabiwa leo wafukuzwe, na sisi tukionekana tunawasaidia, kesho zamu yetu. Aliwauliza kabisa. Kisha akatoka."

Hilo hakuwa akilijua. Miaka yote alikuwa ndani ya kile chumba, nyuma ya dirisha, na mimi sikuwahi kumwambia kwa sababu sikuona lina uzito. Alivuta kanga yake juu ya magoti, kisha akaikunjua tena.

"Basi deni ni kubwa kuliko nilivyodhani," akasema. "Mimi miguu hii haivuki. Wewe?"

Nimerudi kisiwani na nimepita nyumba zote. Neema atakuja nami. Shabani amesema labda. Yona amenifungia mlango, na kesho nitaugonga tena. Mkutano haujafika, Mama Hadija bado anangoja jibu, na kila jioni nikitazama ng'ambo naona moto wake.